Pikapu Niliyoiita Silimu

Kaa, mwanangu. Acha hiyo chai, kaa tu. Jana nilipita pale gereji kwenu, nikakusikia kwa masikio yangu ukimsema yule mteja mwembamba aliyeleta gari lisilopanda mlima: "Huyu kakanyaga waya, na gari lake limeambukizwa." Mkacheka wote. Nilirudi hapa nyumbani Nshambya nikashindwa kula kwa hasira. Na nikwambie ukweli, sehemu kubwa ya hasira hiyo ilikuwa juu yangu mwenyewe, kwa sababu mzaha huo si wako. Niliutunga mimi, hapa hapa Bukoba, kabla hujazaliwa, na siku niliyoutunga naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, fundi kamili kwa maoni yangu mwenyewe. Nilifanya kazi kwa Ta Mutalemwa, Ta maana yake baba kwa lugha yetu, mzee aliyejifunzia ufundi kwenye malori ya jeshi wakati wa vita, askari walipokuwa wakipita hapa kwenda mpakani. Vita vilikwisha, tukadhani tumepona. Kisha ukaja ugonjwa, na hapakupita wiki bila msiba. Maseremala waliacha kutengeneza vitanda na makabati, wakawa watu wa majeneza tu. Ugonjwa huo, UKIMWI wa leo, tuliuita silimu, neno la Kiingereza la wembamba, kwa sababu uliwakondesha watu. Tukawa na tabia ya ajabu: mtu akikonda, kwa sababu yoyote ile, tulimpa jina hilo, tukamhesabu marehemu naye bado anachagua nyanya sokoni.

Basi akaja Mwalimu Kokushubila. Alifundisha shule ya msingi huko Buganguzi, Muleba, na mumewe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Marehemu alimwachia pikapu ya petroli, mtumba kutoka Japani, na yule mama akafanya jambo ambalo wanaume wengi hawakumsamehe: alijifunza kuiendesha mwenyewe. Baada ya vipindi na siku za Jumamosi alibeba ndizi za watu, magunia ya kahawa, wagonjwa wa kwenda hospitali, na majeneza ya kurudi. Watoto wake wanne waliishi kwa gari hilo, maana mshahara wa mwalimu wa siku zile sitaki hata kuuzungumzia.

Pikapu ilikosa nguvu. Kwenye tambarare ilikwenda, lakini ikifika mlimani unakanyaga mafuta hadi mwisho nayo inajikokota kwa gia ya kwanza, injini inachemka, petroli inakwisha kama inamwagwa. Nikabadilisha plagi. Nikasafisha kabureta. Nikabadilisha filta, nikagusa taimingi, nikagusa kila kitu kilichokuwa karibu na mkono wangu. Mara ya pili alipokuja, Mwalimu alifungua kifuniko cha tangi akanionyesha kibandiko cha maandishi ya Kiingereza.

"Hapa wameandika itumie petroli isiyo na risasi," alisema. "Maana yake nini, fundi?"

Nilicheka, mwanangu. Nikamjibu kwamba vita vimekwisha, mama, siku hizi hakuna risasi. Mimi sikujua Kiingereza, wala sikujua risasi nyingine zaidi ya ile ya bunduki, lakini nilikuwa na spana mkononi, naye alikuwa mwanamke mwenye chaki kwenye vidole. Niliona hiyo inatosha.

Mara ya tatu nilikuwa nimeishiwa ujuzi. Ilikuwa siku ya soko, watu wamejaa, na badala ya kusema sijui, nikasema hivi kwa sauti kubwa: "Mama, gari lako lina silimu! Linakula vizuri, nguvu hakuna. Litakuwa limerithi kwa marehemu mwenyewe." Watu walicheka mpaka wakashikana mabega.

Mwalimu akaningoja nimalize. "Mwanangu," akasema, "nimekuletea gari. Sikukuletea marehemu." Akapanda, akaondoka taratibu kwa gia ya kwanza.

Maneno yale yalifika Buganguzi kabla yake. Sijui nani aliyabeba, ila ndani ya wiki moja pikapu ile iliitwa Silimu kuanzia Bukoba hadi Muleba. Wenye ndizi wakatafuta gari lingine. Wagonjwa wenyewe, watu wasioweza kusimama, walikataa kukalia kiti alichokalia marehemu. Tulikuwa wajinga kiasi hicho, tena wajinga wenye uhakika. Na shemeji yake, bwana mmoja aliyeitwa Rwechungura, aliyekuwa akiitamani pikapu tangu siku ya matanga, akaona mlango umefunguka. Alikuja gereji akinisifu kwa ufundi wangu. Akaniomba nimwandikie karatasi kwamba gari halitengenezeki, aipeleke kwenye kikao cha ukoo. Gari likishakuwa bovu, alisema, ni mali ya marehemu inayooza tu, ukoo uichukue uiuze. Akaongeza kwamba hata mjane mwenyewe hana safari ndefu.

Nikaandika. Mwandiko mzuri kabisa. "Gari hili halitengenezeki," nikatia na sahihi. Leo mkono huu ninaokunyooshea kidole ndio ulioandika.

Ta Mutalemwa alizipata habari hizo Jumamosi. Ungedhani atafoka, hakufoka, na ningeona afadhali angefoka. Aliniuliza tu, "Uliweka kiganja nyuma ya bomba la moshi la gari lile?"

"Hapana, Tata."

"Ulilifungua bomba?"

"Hapana."

"Sasa uliandika nini?"

Akaniambia nifunge vyombo, kesho baada ya misa tunakwenda Buganguzi, na kama sitaki kwenda nisirudi tena kwake.

Tulikuta kikao kimeshakaa mbele ya nyumba, wazee wa ukoo kwenye viti, na Rwechungura amesimama na karatasi yangu. Mwalimu Kokushubila alikuwa amekaa kwenye mkeka pembeni na wanawe, kama mgeni kwenye uwanja wake mwenyewe. Ta Mutalemwa akaamkia, akaomba radhi kwa kuingilia, akasema karatasi ile imetoka kwenye gereji yake na ana haki ya kuikagua. Kisha akamwendea mjane, si shemeji wala mzee yeyote, akamwomba amsomee kile kibandiko. Mwalimu akasoma. Wazee wakaguna kwa mshangao. Mmoja akauliza, risasi tena?

"Si ya bunduki, waitu, wazee wangu," Ta Mutalemwa akasema. "Ni madini hayo hayo, yanachanganywa kwenye petroli yetu. Magari yetu ya zamani yanayavumilia. Hili lina kitu bombani kisichoyavumilia. Niliwahi kukiona kwenye gari la daktari mmoja mgeni. Mwalimu aliuliza swali la maana, na kijana wangu akamcheka."

Akawasha injini, akanivuta mkono, akaweka kiganja changu nyuma ya bomba. Moshi ulitoka kidogo kabisa, kama pumzi ya mtoto aliyelala, ilhali injini inanguruma. Akanilaza chini ya gari nikiwa na shati langu la misa, nikafungua nati za bomba kabla ya lile boksi la chuma la kusafisha moshi lililo katikati. Ukoo mzima unatazama miguu yangu. Nilipoachanisha bomba, akawasha tena. Mawe, mama yangu! Kelele ile iliwatawanya kuku hadi migombani. Lakini injini ilipumua. Akampa Mwalimu usukani, naye akapanda kilima kile cha kanisani kwa gia ya tatu bila kusita, watoto wake wakimkimbilia nyuma wakishangilia.

Aliporudi tulilifungua boksi. Ndani kuna masega, hayo hayo mnayoyajua ninyi, vitundu vidogo vidogo kama vya nyuki, na yote yalikuwa yameziba kwa uchafu wa kijivu, mengine yamevunjika na kujazana upande mmoja. Ta Mutalemwa akayamwaga kwenye jani la mgomba, akaliweka mbele ya wazee. "Silimu yenyewe hii hapa," akasema. Halafu akanigeukia, akaniambia nisome karatasi yangu kwa sauti, kisha niseme ni ya uongo. Nilisoma. Nikasema. Mzee wa ukoo akaichana, akamwambia Rwechungura akae chini, na pikapu ikabaki kwa mwenyewe.

Ungependa niishie hapo, eh? Hata mimi ningependa. Lakini bomba lilifunguka kwa spana ya kumi na nne, na lile jina sikulipatia spana. Nilizunguka sokoni nikiwaambia watu kwamba nilikosea, gari ni zima, Mwalimu hana lolote. Waliitikia, wakaendelea kuiita Silimu. Miezi mingi ilipita kabla biashara yake haijasimama tena, na wanawe wawili walikaa nyumbani muhula mzima. Hilo ni langu, halina mwingine wa kulibeba.

Mwaka uliofuata dada yangu Koku akaugua. Alikonda, akaanza kuharisha, na kila mwenye gari niliyemwendea alikuwa na safari ya ghafla. Nikapanda basi hadi Muleba, nikatembea hadi Buganguzi, nikasimama mbele ya Mwalimu Kokushubila, nikamwambia dada yangu ni mgonjwa. Hakuniuliza dada yangu anaumwa nini. Aliuliza kama tuna godoro la kumlaza. Tukamlaza nyuma ya pikapu, nikakaa naye nimemshika kichwa, na tulipopita sokoni vijana wakapiga kelele: "Silimu kabeba silimu!" Wakacheka kwa kushikana mabega, vile vile.

Dada yangu alisikia. Akafumba macho, akaniuliza, "Nani aliwafundisha maneno hayo?" Alifariki baada ya wiki tatu, na sikuwa nimemwambia.

Kwa hiyo usinikasirikie nikikukaripia. Gari likikosa nguvu, anzia nyuma: weka kiganja kwenye bomba, lifungue kabla ya masega, sikiliza. Na petroli ya leo haina risasi, kwa hiyo acheni huo wizi wenu wa kung'oa masega mazima ya wateja na kuyauza mkisema yameziba. Ukiwa hujui, sema sijui. Hakuna fundi aliyekufa kwa neno hilo. Mwenye gari akikuuliza swali, awe mwanamke, awe mzee, lijibu au lichunguze. Na mwili wa mtu si gari lililoletwa kwako. Mpaka leo sijui Mwalimu Kokushubila alikuwa na ugonjwa au hakuwa nao, na haikunihusu hata siku moja. Angekuwa nao, bado angestahili gari lake, na ningestahili aibu ile ile.

Mungu akupe mikono inayojua kazi na mdomo wenye haya. Akuepushe na kuusikia mzaha wako ukimwangukia umpendaye. Nenda kazini, mwanangu, baraka zangu zote ziko nawe; na yule mteja akirudi, kabla hujafungua boneti, muulize jina lake.