Geti la Mto

Nimeona mengi katika kazi hii, lakini mto kusimamishwa getini mpaka apatikane wa kufungua, hilo nimeliona mara moja tu.

Na geti lenyewe tulilijenga sisi.

Kazi yangu ni kuzungumza na wenye mashamba ya kando ya mto. Tunawaomba wabomoe matuta yao ya kuzuia maji ili mto ukifurika upate pa kutandaa, matete yaote, samaki wazaliane. Ukibanwa huku na huku, maji yote hushuka kwa hasira mtaa wa chini.

Mtaa wa chini ndiko ninakoishi na mke wangu na mtoto wetu mchanga.

Majirani wote walikubali. Akabaki mmoja, wa shamba la katikati, mwenye tuta refu kuliko yote.

Mama mkwe wangu.

Jamani, mmeshawahi kumwomba mama mkwe abomoe kitu?

Huyu ni muuguzi mkuu mstaafu. Kwake hata kuku wanajua saa ya kulala. Nilipotandaza ramani mezani, alinitazama kama mgonjwa aliyekataa dawa.

"Mkwe wangu, unataka mto uingie kwangu?"

"Kwa muda tu, mama. Ukishapumzika unarudi kwake."

"Utapitia wapi?"

"Popote, mama, tukishabomoa tuta..."

"Popote! Wewe ulipokuja kuposa ulipitia popote? Si ulibisha hodi getini, na viatu ukavua?"

"Nilivua, mama."

"Basi na huo mto uje kwa adabu. Nijengeeni geti hapo kwenye tuta. Ukibisha hodi, nitaufungulia."

Nilipeleka jibu ofisini nikijua nitachekwa. Bosi hakucheka. Alisimama kwa furaha.

"Hilo ndilo wazo! Tuta lililobomolewa utalikatia utepe wapi? Geti linazinduliwa!"

Likajengwa geti la chuma, rangi ya kijani, pana la kupitisha lori. Bosi akalitia kufuli, akalifunga utepe, na ufunguo akautia kwenye droo yake mpaka mgeni rasmi apate nafasi.

Mgeni rasmi hakupata nafasi. Mvua ikapata.

Asubuhi moja nilifika getini nikakuta maji yameshalimeza kufuli, geti linalia kama mlango wa ghala. Simu ikaita. Mke wangu.

"Maji yako uani. Nimempandisha mtoto juu ya meza. Huko mnangoja nini?"

Nikampigia bosi.

"Bosi, naomba ruhusa tulivunje hili geti."

"Wewe! Mgeni rasmi amethibitisha Alhamisi. Likivunjwa leo, Alhamisi tutazindua nini?"

Nilipogeuka, mama mkwe alikuwa juu ya tuta, mabuti miguuni, jembe begani.

"Ufunguo uko wapi?"

"Uko kwenye droo ya bosi, mama."

"Na mjukuu wangu yuko wapi?"

"Juu ya meza."

Akautazama mto kama anayeuomba radhi.

"Mgeni amebisha hodi vya kutosha," akasema. "Aibu ni ya wenyeji."

Akasogea pembeni mwa geti, akapiga jembe. Nikashika koleo. Majirani walipotuona wakaja na majembe yao. Udongo ulipoachia mahali pamoja tukakimbia, na mto wenyewe ukamalizia kazi. Maji yakalijaza shamba, yakatandaa polepole mpaka ukingoni mwa banda la kuku, yakatulia.

Mama mkwe akatikisa kichwa. "Na viatu haujavua."

Jioni mke wangu akapiga tena. Uani kumebaki tope tu.

Alhamisi mgeni rasmi alikuja, na tukamfikisha kwa mtumbwi. Geti limesimama wima, maji mbele, maji nyuma, bata maji wanapita pembeni. Akakata utepe. Akapapasa kufuli majini, akalifungua. Tukapiga makofi. Katika hotuba akamsifu bosi kwa kumlainisha mwenye shamba mgumu.

Mama mkwe akaninong'oneza, "Hivi mgumu nilikuwa mimi?"



Ndugu zangu, ukishamshawishi mwenye tuta, usishangilie bado. Rudi kwanza ofisini kwenu ukaangalie, huenda kuna tuta refu zaidi.

Geti bado lipo, mama mkwe hataki ling'olewe. Mto unapita pembeni, samaki wanapita pembeni, hata kuku.

Bosi akija, anaambiwa apitie getini. Na viatu avue.