Kuifunga Solfa ya Baba

Baba yangu alifundisha shule ya msingi pale Migori mpaka akastaafu, lakini sijakutana na mtu anayemkumbuka kwa hesabu wala sayansi. Wanamkumbuka kwa sauti nne. Ukimpelekea wimbo wenye soprano peke yake, ataketi nao mlangoni kwenye kiti chake cha plastiki, agonge goti kwa vidole, aimbe chinichini, na kabla chai yake haijapoa utapata alto, teno na besi, zote zimekaa pamoja kama watu waliolelewa nyumba moja. Kwaya za Sabato, za Migori na za Homa Bay, zimeimba kazi yake tangu nikiwa mtoto.

Macho yake yalipoanza kusumbua, kuandika solfa kwa mkono kukawa mateso. Alikuwa anaandika "re" juu ya "mi", anafuta, anaandika tena, halafu anasingizia kalamu. Mimi wakati huo nilikuwa nimeajiriwa mjini Homa Bay, katika ofisi ndogo inayotengeneza programu za kompyuta kwa ajili ya zahanati na maduka. Nikawaza: kama naweza kuifundisha kompyuta kupanga dawa, kwa nini nisiifundishe kupanga sauti?

Basi Jumapili nikawa nakwenda Migori na laptopu yangu. Nilikuwa namuuliza baba, naye ananijibu kwa kuimba.

"Soprano ikitoka so kwenda do, teno ifanye nini?"

"Inategemea."

"Baba, kompyuta haijui inategemea."

"Basi iambie isubiri kidogo, isikilize wenzake."

Mama alikuwa akipita na beseni la omena, dagaa wa ziwani, anacheka. "Wewe mwenyewe hujawahi kusikiliza wenzako," alimwambia siku moja, na baba akajifanya hajasikia, jambo ambalo lilithibitisha maneno ya mama.

Polepole kanuni zake zikageuka kuwa skripti. Kwa asiyeijua, skripti ni maandishi ya kawaida tu, mstari chini ya mstari, yanayoiambia kompyuta ifanye hili kisha lile. Ukiingiza soprano, inakupa sauti tatu zilizobaki, na inazicheza kwa mlio wa kinanda. Siku ya kwanza ilipocheza wimbo mzima, baba alifunga macho, akasikiliza hadi mwisho, akasema, "Hiyo besi imelewa." Tukairekebisha. Wiki iliyofuata alisikiliza tena hadi mwisho. Alinyanyuka akaenda kumwita jirani.

Habari ikaenea. Walimu wa kwaya wakaanza kupiga simu wakitaka "ile mashine ya mwalimu." Nilidhani baba angefurahi. Badala yake alinuna siku mbili nzima, halafu akanipigia.

"Nyara," akasema, yaani binti yangu, "mtu akishakuwa na hiyo kitu kwa kompyuta yake, si anaweza kufungua aone vile ninafanya?"

"Anaweza. Ni maandishi tu."

"Basi funga."

Nilijua kilichokuwa kikimuuma. Zamani kwaya moja ilirekodi mpangilio wake wa sauti, ikaupeleka redioni, na mtangazaji akawasifu wao kwa ubunifu. Hawakumtaja baba. Yeye hakulalamika kwa yeyote, ila kila wimbo ule ulipopigwa alitoka nje kwenda kuangalia ng'ombe, na ng'ombe wetu walikuwa wamefungwa mahali palepale siku zote.

Kwa hiyo nikafunga. Kazini nilikuwa na mwenzangu mmoja, mtu wa Kendu Bay, mcheshi, mwenye kipaji cha kuingia mahali alipozuiwa. Nikamwomba ajaribu kufungua kila nitakachofunga. Tulikubaliana kazi hiyo tuifanye saa ya chakula, kwenye kibanda cha samaki kinachotazamana na kilima cha Asego, ili mwajiri asije akatuuliza.

Mara ya kwanza niliigeuza skripti kuwa ile lugha kavu ambayo kompyuta inaisoma lakini mtu haisomi. Aliirudisha kuwa maandishi ya kawaida kabla samaki wake wa ngege hajaletwa. Mara ya pili nilijitahidi zaidi. Nilibadilisha majina yote ndani ya msimbo, yaani yale maandishi ya skripti, yakawa takataka, herufi zisizo na maana, kisha nikausimba wote, yaani nikaugeuza fumbo, kwa ufunguo mrefu wa herufi na tarakimu. Mtu akifungua faili angeona vurugu tupu. Nilimkabidhi nikiwa na kiburi kidogo.

Alikula, akanawa, akavuta kompyuta karibu. Hakugusa lile fumbo hata kidogo. Aliiacha programu iwake yenyewe, akaidaka pale inapolifumbua fumbo lake yenyewe ili ifanye kazi.

"Dada yangu," akasema, "umefunga mlango vizuri sana, lakini ufunguo umeuacha ndani ya begi lilelile unalompa mgeni. Lazima uuache. La sivyo kompyuta yake itasimbua na nini?"

Nilijua anasema kweli. Huo ndio ugumu wa jambo lenyewe, na hakuna ujanja unaoumaliza. Unaweza kumchosha mwizi, unaweza kumkatisha tamaa, lakini kitu ambacho lazima kisomeke kwenye mashine ya mtu, huyo mtu akiwa na subira atakisoma.

Nilipomweleza baba, hakukasirika. Alitaka kujua kijana wa Kendu Bay ni wa ukoo gani, anaimba sauti gani, na kama ameoa. Nikamjibu la mwisho kwanza, kwamba ameoa, ili tuendelee na mazungumzo.

"Kwa hiyo hakuna namna?"

"Iko moja. Kanuni zako zisitoke kabisa. Zikae kwa kompyuta moja tu, yetu. Mtu atume soprano kwa mtandao, arudishiwe sauti nne. Msimbo hauoni kamwe."

Baba akafikiri. "Yaani wanakula, lakini jikoni hawaingii."

"Ndiyo hivyo."

"Hiyo nimependa."

Tukafanya hivyo. Maombi yakawa yanakuja kutoka Rongo, Ndhiwa, Lambwe, hata ng'ambo ya maji. Mteja wetu mwaminifu kuliko wote alikuwa mwalimu mmoja wa kike wa kisiwa cha Takawiri. Mtandao wa huko ulikuwa wa kubahatisha. Aliniambia kwenye simu kwamba hupanda kwenye mawe nyuma ya shule kutuma wimbo, na hupanda tena kuchukua majibu. Lakini alituma kila wakati, nyimbo fupi, nyimbo ndefu, nyingine ngeni kiasi kwamba baba alijiuliza zinatoka wapi. Halafu akaacha. Nilidhani amehamishwa.

Mwaka jana makambi, mkutano mkubwa wa kanisa letu la Sabato, yalifanyika karibu na mji wa Homa Bay. Baba na mama walikuja kukaa kwangu, na Sabato tukaketi sote watatu chini ya hema. Kwaya nyingi ziliimba. Baba ana tabia ya kusahihisha kwa mguu: besi ikichelewa, mguu wake unapiga chini kwa hasira. Ikaitwa kwaya ya Takawiri. Wanawake walikuwa wengi, wanaume wachache, na mbele yao mwanamke mwembamba aliyeongoza kwa mkono mmoja tu, kama anayemtuliza mtoto.

Wimbo ulikuwa mpya kwangu. Ubeti wa kwanza haujaisha, baba akanishika mkono kwa nguvu.

"Hii ni yangu."

"Baba, huu wimbo hatujawahi kuuona. Haukutumwa."

"Najua. Sijauandika." Mguu wake ulikuwa umetulia kabisa. "Lakini ni yangu. Sikiza tena. Sikiza vile inasubiri."

Nikasikiliza, na kweli ilisubiri. Zile sauti ziliachana na kukutana kwa namna ambayo nimeisikia tangu nikiwa mgongoni mwa mama. Kama wimbo haukupita kwenye kompyuta yetu na bado una mkono wa baba, basi mtu ameingia jikoni. Nikatoa simu palepale, Sabato ile ile, Mungu anisamehe, nikaangalia kumbukumbu za mashine. Hakuna aliyeingia. Nikamwandikia mwenzangu wa Kendu Bay. Akajibu haraka: "Si mimi. Na kama yuko aliyeweza, nataka kumsalimia."

Baada ya ibada baba alisema, "Mwite."

Mwalimu wa Takawiri alikuja anajifuta jasho. Alipoelewa mzee aliye mbele yake ni nani, alipiga goti kidogo na kumshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mwalimu, nimekula kwako muda mrefu bila kukuona."

"Na sasa hivi unapika mwenyewe," baba akasema. Hakuwa mkali, lakini hakutabasamu. "Nani alikufungulia programu?"

"Programu? Mimi hata kompyuta sina. Ni simu tu."

"Basi umefanyaje?"

Aliona haya kueleza. Alisema mtandao ulikuwa unamchosha, na magoti yake hayapendi yale mawe. Akawa anawapanga watoto wa shule, anawaimbisha kazi za baba sauti mojamoja, soprano kisha teno, soprano kisha alto, mpaka akaanza kusikia kabla hawajaimba. Alipokuwa na shaka, alitunga wimbo wa ajabu kwa makusudi na kuutuma, aone baba atafanya nini. Ndizo zile nyimbo ngeni. Alikuwa akituuliza maswali, nasi tukimjibu bila kujua.

"Sikuvunja kitu, mwalimu," akasema. "Nilisikiliza."

Nilikuwa nimejiandaa kumtetea mmoja wao na sikujua yupi.

"Lakini kuna kitu kimoja kimenishinda," mwalimu akaendelea, akapata ujasiri. "Alto zako. Hata do ya wimbo iwekwe juu au chini, hazishuki kupita hapa." Akaimba noti moja, ya chini kiasi. "Zikifika hapo zinageuka, hata pale ambapo kushuka kungekuwa kuzuri zaidi. Wanawake wangu wanashuka chini sana, mwalimu, wamezoea kuitana kwenye mitumbwi. Nimejiuliza sana. Ni kanuni gani hiyo?"

Mimi mstari huo nilikuwa nimeuandika kwa vidole vyangu. Baba alinitajia noti, nikaiweka, nikadhani ndivyo alto zilivyo duniani kote. Sikuwahi kumuuliza.

Baba akaangalia viatu vyake. Kisha akamwangalia mama, aliyekuwa ameketi pembeni akitafuta kitu kwenye mkoba wake.

"Huyu," akasema, "alikuwa alto wangu wa kwanza. Hapo ndipo sauti yake inaishia."

Mama akaacha kutafuta.

"Nini?"

"Ukishuka zaidi ya hapo unakwaruza. Tangu tukiwa vijana. Kwa hiyo nikawa siandiki."

"Kwani hukuniambia!" Mama aliinuka kabisa. "Miaka yote hii nimekuwa nikijua mimi naweza kuimba alto yoyote! Nimewasema wenzangu kwamba hawafiki chini!"

"Ulifika kila mahali nilipoandika," baba akasema.

Mwalimu wa Takawiri alifunika mdomo kwa kiganja. Mama alitaka kukasirika, nikaona anavyojaribu, lakini uso wake ulikataa kumtii. Aliketi tena. Baadaye kidogo akasema, kwa sauti ya mtu anayewaza, "Kwa hiyo kwaya zote za hapa Homa Bay, mpaka Migori, zimekuwa zikiishia hapo kwa sababu yangu?"

"Zote," baba akasema.

Jioni, tukiwa nyumbani kwangu, baba aliniambia nimpelekee yule mwalimu skripti nzima, wazi, bila fumbo lolote, nitafute na laptopu iliyotumika ya kumpa. Niliuliza kama wengine nao wapewe. Akasema hapana, wengine waendelee kutuma soprano. Huyu tayari alikuwa ameingia jikoni. Mwenzangu wa Kendu Bay alipopata habari alilalamika kwamba amezidiwa na mtu asiyegusa hata kibodi, na kwa adabu akaomba nimpe namba ya mwalimu ili amuulize alivyotunga zile nyimbo za mtego.

Mama alidai ule mstari ufutwe. Alisema hataki kuwa mzigo kwa alto wa watu. Baba akakataa. Walibishana wiki nzima, mmoja akinipigia asubuhi na mwingine mchana, wote wakiwa sebule moja. Mwishowe mimi ndiye niliyeamua, kwa kuwa mimi ndiye ninayeandika. Sasa programu inauliza kila kwaya alto wake wanashuka hadi wapi. Mwalimu asipojibu, akipaacha wazi, kompyuta inatumia sauti ya mama.

Mwezi wa nne mwaka huu baba na mama walialikwa kisiwani. Baba hapendi maji. Alishuka kwenye boti pale Takawiri amekunja uso, akakataa chai mpaka ardhi iache kuyumba. Walikaa wiki nzima. Mama alirudi na mfuko wa samaki waliokaushwa na habari za kila mwanakwaya. Baba alirudi na wimbo aliotunga pamoja na mwalimu, na mpaka leo wawili hao hawajakubaliana kuhusu teno yake. Wananitumia kila mmoja toleo lake, wakinitaka niamue. Mimi naimba soprano. Nimewaambia hayo si mambo yangu.