Sweta Tuliyofuma kwa Kusomewa

Kwetu Molo mtandao ni hafifu. Mama alikuwa amepata ukurasa unaofundisha kufuma sweta, lakini kwenye simu yangu ulizunguka tu bila kufunguka. Nikaingia kwenye mipangilio ya kivinjari, nikazima picha. Ukafunguka mara moja, maneno matupu.

“Sasa nitajuaje inafanana aje?” mama akauliza.

“Wewe fuma tu, mum. Nitakusomea.”

Jioni kadhaa tulikaa kando ya jiko, mimi nikisoma safu moja, yeye akiifuma, akinirudisha nyuma nilipoharakisha. Sweta ilipokamilika, kola yake ilitoka pana kuliko tulivyodhani. Mama aliigeuza huku na huku, akasema inazuia baridi vizuri, na Jumapili akaivaa kwenda kanisani.