Upepo Uliochukua Miti ya Papa

Enzi zetu upepo haukuwa na jina. Leo wajukuu wangu wananionyesha kwenye telefone upepo wa nchi za bahari, unang'oa miti na kumwaga mashua barabarani. "Koko, hii inaitwa ouragan." Bon. Wetu ulikuja bila kujitambulisha, kama shemeji mwenye njaa.

Tulikaa kwenye maporomoko ya mto, sisi watoto wa wavuvi. Papa, baba yetu, alisimamisha miti mikubwa katikati ya maji yanayonguruma, akaifunga kwa kamba za porini, akaning'iniza vikapu vya kutega samaki. Miti ile ndiyo ilitulisha. Bila miti, ni sombe tupu, majani ya muhogo bila samaki: asubuhi sombe, mangaribi sombe, mpaka mutu anaanza kufanana na sombe.

Siku hiyo tulikuwa tunacheza uwanjani, maji yakageuka meusi, mabati ya kanisa yakaanza kupiga makofi. Mama hakutuambia tukimbie. Alirusha kamba juu ya paa la majani, akatuning'iniza kwenye ncha zake huku na huku kama mawe, akilalamikia wembamba wetu: "Mushike! Munakulaka bure?" Paa likabaki. Jiko likaondoka, pamoja na chungu. Papa akarudi kutoka mtoni na kikapu kimoja kichwani kama kofia. Miti yote ilikuwa imekwenda.

Kukata mipya ni kupanda mto na pirogue, mtumbwi wetu, mpaka msituni, na samaki walikuwa wameshaanza kupita. Hawamungojei mutu. Kwa hiyo Papa akateremka kando ya mto kutafuta ile ya zamani, mimi nyuma yake. Chini kule tukamkuta Tonton Alimasi, muvuvi mwenzake. Upepo ulikuwa umebomoa jiko lake, naye ameshasimamisha jingine, imara kuliko nyumba yenyewe. Papa akalizunguka, akagusa nguzo.

"Kaka, jiko yako iko nasimama na miti yangu."

"Miti yako? Mayi ya mto njo iliniletea."

"Na hii fundo ya baba yangu, mayi njo ilifunga?"

Kila familia ilikuwa na namna yake ya kufunga kamba, na kipande cha kamba yetu kilikuwa bado kimeng'ang'ania mti. Kwetu kitu chenye fundo la mutu hakina mabishano. Tonton akacheka mpaka akakaa chini. "Bon, lakini tukule kwanza. Wali iko naiva chini ya miti yako." Tulipomaliza, yeye mwenyewe akabomoa jiko lake, akatusaidia kubeba miti begani mpaka kwetu, akimutukana Papa njia nzima kwamba fundo lake ni baya kama uso wake. Kesho yake kikapu kilichobaki kilikuwa majini. Samaki wa kwanza alikwenda kwa Tonton, ambaye sasa alikuwa anapika kwenye mvua.

Musimu huu upepo umechukua bati la nyumba yangu. Mtaa mzima ulitoka nje, na telefone juu. Mujukuu wangu akaniletea habari njema: "Koko, bati yako wameitazama mpaka Kinshasa!" Nikauliza limeangukia wapi. Hakuna anayejua, video ilikuwa fupi. Alors mvua ikinyesha nakaa ndani chini ya mwavuli, wananiwekea tena nitazame. Kweli linaruka vizuri, linang'aa. Mutu wa kulirudisha ndiye sijamuona.