Msalaba Uliokosekana Kwenye Somo la Sita

Niliondoka Sultan Hamud nikiwa na hasira. Ilikuwa miaka ya themanini, nami nilikuwa mwalimu wa wauguzi. Kazi yangu ilikuwa kuandika masomo ya kutumwa kwa posta kwa wasaidizi wa zahanati za mbali, watu ambao hawangeweza kuacha wagonjwa ili waje kukaa darasani. Mmoja wa wanafunzi wangu bora alikuwa Nduku, wa zahanati ndogo kupita Tseikuru. Sasa mchungaji wa huko, mwenyekiti wa kamati ya zahanati, alikuwa ameniandikia kwamba Nduku alimdunga mtoto sindano ya malaria na mguu wa mtoto ukalemaa. Nilikata shauri kwenda kumnyang'anya cheti. Nilikuwa na hakika kwamba hakusoma.

Jumatatu nilipanda basi hadi Machakos, kisha jingine hadi Kitui, nikalala huko.

Jumanne asubuhi nilifika Mwingi, nikapata lori la kupeleka mabati na chumvi kaskazini. Kabla ya Kyuso tulikwama kwenye mchanga wa mto mkavu, tukashuka sote kukata matawi na kuyatandika chini ya magurudumu.

"Sista, unaenda kutibu?" dereva aliniuliza akipangusa jasho.

"Naenda kukagua," nikamjibu, na nilijisikia mkubwa kulisema neno hilo.

Tseikuru tulifika jioni, nguo zangu nyekundu kwa vumbi. Mchungaji alinipokea nyumbani kwake. Aliniambia watu walikuwa wameacha kumletea Nduku watoto. Wengine walitembea nusu siku kwenda kwingine.

Jumatano asubuhi niliendelea hadi kwenye zahanati, nikamkuta Nduku akiifagia, haina mgonjwa hata mmoja. Alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye mikono mikubwa ya kazi. Alinikaribisha chai. Sikuigusa.

"Nduku, somo la sita, lile la sindano, ulilisoma kweli?"

Aliingia ndani akarudi na masomo yangu yote, ameyashona kwa uzi mweusi kama kitabu. Akafungua la sita. Nilikuwa nimechora tako la mtoto, nikaligawa sehemu nne kwa mistari, na chini nikaandika: *Choma penye alama ya msalaba.* Lakini karatasi yake ilikuwa ya mwisho mwisho kutoka kwa mashine ya kurudufisha, wino umefifia. Mistari ilionekana. Msalaba haukuwepo.

"Mimi nilikuuliza, Mwalimu," alisema polepole. "Nilikuandikia barua."

Akanionyesha. Barua yake niliirudisha mwenyewe, na pembeni kulikuwa na mwandiko wangu kwa wino mwekundu: *Soma tena kwa makini.*

"Nikasoma tena. Mara nyingi. Kwa mtihani uliuliza tunachoma wapi, nikaandika penye msalaba. Ukanipa alama zote. Basi mtoto alipoletwa na homa kali, nilichagua mahali penye nyama nyingi, pale katikati."

Pale katikati ndipo unapopita mshipa mkubwa wa fahamu wa mguu. Jambo hilo nililijua tangu nikiwa mwanafunzi, na sikuliandika popote. Nilidhani picha inatosha.

Nilimshika mkono, nikauweka kwenye nyonga yangu mwenyewe, juu ya mfupa. "Hapa. Juu, upande wa nje." Aligusa, akagusa tena upande wa pili.

"Kumbe ni hivi tu," akasema, akaanza kulia.

Mchana kamati ilikutana nje ya kanisa. Mama wa mtoto alikuja na binti yake, Kasyoka, wa miaka minne hivi. Kila alipopiga hatua, vidole vyake vilikwaruza ardhi. Mchungaji akaniomba nieleze. Nilisimama. Nduku alikuwa ameketi mbele yangu, ananitazama.

"Kosa halikuwa la Nduku," nilisema. "Lilikuwa la karatasi. Mashine haikuchapisha vizuri."

Watu waliitikia kwa vichwa. Mama Kasyoka akauliza, "Sasa karatasi nitaidai nini?" Nduku aliinamisha uso. Ile barua ilikuwa mfukoni mwangu. Nilikuwa nimemwomba Nduku anipe asubuhi ile, nikisema naihitaji ofisini.

Alhamisi niliondoka. Nduku hakuja kuniaga.

Nyumbani niliandika upya somo la sita, kwa maneno, bila kutegemea mchoro. Niliomba kila mwanafunzi aje akae wiki moja kabla ya kupewa cheti, ashike, aguse, nimwone. Kasyoka nilimtafutia kiatu chenye chuma cha kushikilia mguu. Hayo yote niliyafanya haraka. Lililonishinda ni barua moja kwa mchungaji, ya kusomwa mbele ya watu, kwamba Nduku aliuliza nami nikampuuza. Niliianza mara nyingi, nikaichana.

Nilipoituma, miezi mitatu ilikuwa imepita. Mchungaji alijibu kwamba aliisoma kanisani. Nduku hakuwepo. Alikuwa amehamia Ikutha kwa dada yake, anauza maharagwe sokoni, na alikuwa amesema hatashika sindano tena.

Tangu siku hiyo, mwanafunzi akiniambia haoni, mimi huenda kuangalia anachokitazama. Nililijua hilo nikiwa nimechelewa, na Nduku ndiye aliyelipia.