Mwaka Tuliotengwa na Kizingitini

Habari niliipata jikoni, nikikanda unga wa mahamri. Kaka yangu, ambaye ni meneja wa timu yetu ya Amu, aliingia na simu mkononi akasema timu imehamishwa. Ligi ya visiwa imekatwa. Sisi tumetiwa kundi jipya la pwani, pamoja na timu za Malindi, Kilifi na Mombasa.

"Mechi zote zitaonyeshwa kwenye mtandao," alisema.

"Na Kizingitini?"

"Kizingitini wamebaki huku huku."

"Si wao waliochukua kombe?"

"Kombe si hoja, dada. Waliopanga wanataka mahali penye hoteli na gati, mahali mdhamini akitaja jina watu walijue. Kizingitini nani atafika?"

Sisi tulikuwa tunafika. Kila mwaka, mara moja sisi kwao na mara moja wao kwetu, kwa miaka mingi kiasi kwamba nilianza kwenda nikiwa msichana na sasa nina wajukuu. Nilifunika unga uumuke nikaenda kazini. Mimi ni mwalimu wa chekechea, na watoto hawangoji.

Watu wa nje hudhani mpira ni wa wanaume. Kwetu wanaume hucheza, hugombana na refa na kuhesabu magoli. Nyimbo ni zetu sisi wanawake. Mechi ya Kizingitini ilikuwa na pande mbili za buibui, wao upande wa nyumba na sisi upande wa bahari, na kila upande ulikuja na beti mpya za kuutukana mwenzake. Ubeti wa mwaka jana ukirudiwa mwaka huu, hiyo yenyewe ilihesabiwa kuwa kushindwa.

Safari yangu ya kwanza nilitapika tangu kwenye mkanda wa maji unaopita kati ya Manda na bara, ambapo mashua hungoja maji yajae, mpaka tulipofunga mashua Kizingitini. Nilipoteremka sikuweza kusimama. Mwanamke wa rika langu, mnene kidogo, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo, alinishika mkono akaniingiza kwake.

"Pita ndani," alisema. "Utapike kwangu, halafu mukishindwa museme tumewaroga?"

Alinipa maji ya ndimu na mkeka. Aliponiuliza jina nikamtajia, alicheka mpaka akakaa chini. Lilikuwa jina lake. Tangu siku hiyo tukaitana somo, kama wanavyoitana watu wenye jina moja, na kila tulipokwenda Kizingitini nililala kwake, naye akija Amu alilala kwangu. Mumewe alikuwa akinunua kamba mawe kwa wapiga mbizi na kuwapeleka kwa wenye mahoteli, na kamba waliovunjika miguu, ambao wenye mahoteli hawawataki, tuliwala sisi.

Jioni tulikula sahani moja. Alasiri iliyofuata tulisimama pande mbili za kiwanja cha mchanga tukatukanana. Yeye ndiye aliyekuwa akiwaanzia wenzake. Ubeti wao uliotuuma zaidi ulikuwa huu:

Kanzu zenu za hariri, na viatu vya kung'ara,
mwatembea kama mwari, lango lenu barabara.

Siku hiyo lango letu kweli lilikuwa barabara, na kipa alikuwa kaka yangu huyu huyu, kabla hajawa meneja. Tuliporudi kwao mwaka uliofuata, mimi ndiye niliyeanza:

Nyavu zenu baharini, kuzishona mu hodari,
na hizi za uwanjani, zapitisha hata gari.

Somo alinijia baada ya mechi akiwa amenuna. "Huu umeutunga wewe," alisema. Nikakana. "Umeutunga wewe. Hilo gari umeliona wapi, na Amu kwenyewe munapanda punda?" Kisha akaniomba niurudie polepole ili aukariri.

Ndivyo ilivyokuwa. Sitii chumvi. Kulikuwa na miaka ya mawe kurushwa, na mwaka mmoja mashua yetu ilifunguliwa kamba makusudi ikaenda na maji, tukakesha kwao. Lakini tulijua tunatukanana na nani.

Mechi yetu ya kwanza ya ugenini katika kundi jipya ilikuwa Malindi. Zamani tulikuwa tukijaza mashua mbili. Safari hii wanawake tulikwenda wanne. Tulivuka mpaka Mokowe, tukapanda basi, tukashuka na kupanda kila kizuizi cha askari kuonyesha vitambulisho, na tulipofika nilikuwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Uwanja ulikuwa na viti vya plastiki vyenye rangi. Kila mtu alikaa alipotaka. Hapakuwa na upande wetu wala upande wao.

Kipindi cha pili timu yetu ilifunga. Tukasimama tukaimba. Tulikuwa tumetunga ubeti juu ya watu wa Malindi na majivuno yao, mkali kiasi chake. Watu waliotuzunguka waligeuka, wakatoa simu, wakatupiga picha. Tulipomaliza wakatupigia makofi.

Msichana aliyekaa mbele yangu, aliyevaa jezi ya timu ya Ulaya, aliniuliza kwa adabu kabisa, "Shikamoo mama. Nyinyi ni kikundi cha utamaduni? Mnakodishwa kwa harusi?"

Nikamwambia hapana, sisi ni mashabiki.

"Mnaimba vizuri," alisema.

Tulishinda mechi ile. Kaka alifurahi, wachezaji walinunuliwa soda. Njia nzima ya kurudi wenzangu walilala, mimi niliangalia mikoko ya Mokowe ikija, nikawa nafikiri ni nani nimpigie simu kumtambia. Nilimpigia somo.

"Tumewafunga Malindi," nilisema.

"Malindi," alisema. "Hongera." Kisha akaniuliza kama mafua ya mjukuu wangu yamepona.

Kwao mambo yalikuwa ya namna nyingine. Ligi ya visiwa ilibaki na timu za vijiji vidogo, na Kizingitini ikawa inashinda kila wiki mpaka wanawake wakaacha kwenda uwanjani. Somo alijaribu kutunga beti juu ya kijiji kimoja cha jirani, akaacha. "Wale ni wajomba zetu," aliniambia kwa simu, "na tumewafunga saba. Ukimwimba mtu uliyemfunga saba, unamwonea." Mwanzoni alikuwa akinirekodia beti na kunitumia kwenye simu, za zamani alizozigeuza maneno. Nilizisikiliza nikiwa kazini wakati watoto wamelala. Sikumtumia ubeti, maana hatukuwa tena na mechi ya kugombania. Baada ya muda zikakoma.

Mimi ndiye niliyemwandama kaka mpaka akakubali mechi ya kirafiki. Ilipangwa iwe Amu baada ya Idi. Jirani yangu, bibi ambaye haendi popote lakini hujua kila kitu, aliniona nikipiga pasi leso akaniuliza, "Yeo kuna mtezo?" Nikamwambia leo mchezo upo, wa Kizingitini. Akasema, "Alhamdulilahi," kama mtu aliyesikia mgonjwa amekula.

Wao walikuja mashua tatu. Wanaume, wanawake, watoto wachanga mgongoni. Somo alivaa leso mpya, na wenzake wote walivaa sare yake. Nikajua wamekuja na ubeti.

Timu yetu ilipoingia uwanjani nilitafuta nyuso ninazozijua sikuziona. Kocha alikuwa na mechi ya kundi Jumamosi, akawapumzisha wakubwa na kuwaingiza vijana wa mazoezi, wengine hawajaota hata ndevu. Wakubwa wenyewe walikaa pembeni wamevaa ndara, wakitazama simu zao. Nilimwendea kaka.

"Hii ni nini?"

"Ni kirafiki, dada. Mtu akiumia leo, Jumamosi nicheze na nani?"

Kizingitini walifunga mapema, kisha wakaendelea. Kila goli lilipoingia niliangalia upande wao. Wanawake walisimama wakamtazama somo, naye hakuanza. Mpaka mwisho hakuanza. Wale wanawake wote wenye sare walikaa kimya juu ya mchanga wa Amu kama watu waliokuja matangani.

Nilikuwa nimempikia wali wa nazi na samaki wa kupaka. Alikula tonge mbili tatu akanawa.

"Somo, kula."

"Nimeshiba."

"Mumeshinda, na mumenuna nyinyi?"

Alijifuta mikono taratibu. "Tumepanda mashua tangu alfajiri," alisema. "Mwenzangu mmoja ana mimba ya miezi saba, amekuja. Mumetuletea watoto. Ukinichukia nitakuelewa. Mwaka ule mulipotuimbia lile gari uwanjani kwetu, nilikuchukia mpaka Ramadhani. Lakini kumwekea mtu watoto, ni kumwambia huna kazi naye."

Nilimwambia si mimi niliyepanga timu. Alisema anajua. Alisema maji yanatoka, nahodha hatangoja. Alivaa buibui lake akanibusu mkono kama desturi, nami wake, akaenda gatini na wenzake.

Baada ya hapo hatukupigiana simu kwa muda mrefu. Hatukuwa tumegombana. Alipofiwa na kaka yake nilimpigia kumpa pole, akanishukuru, tukamwombea marehemu, tukaagana. Mechi za kundi niliacha kuzifuata. Nilizitazama kwenye simu ya binti yangu, mtandao ukikubali. Picha ilikuwa ikiganda kila mara, na mara nyingi goli nililijua kwa kelele za vijana barazani kabla halijafika kwangu.

Msimu wa pili timu ilianza kushindwa. Wachezaji wenye kazi walichoka na safari. Wawili wazuri walichukuliwa na timu za Mombasa, na kipa akaolea huko huko. Kisha barua zikaja kwamba kundi lenyewe linapangwa upya: mdhamini ameondoka, na timu za mbali zitatolewa. Kaka alikuja tena jikoni kwangu. Safari hii alipiga hodi.

"Tunarudi ligi ya visiwa," alisema.

"Wamekubali?"

Alikaa juu ya kibao cha mbuzi, kile cha kukunia nazi, akasahau kwamba kina meno. Vilabu vya visiwa vilikuwa vimekaa kikao mjini Faza kulizungumza ombi letu. Wengine walitaka turudi mahali petu. Mwakilishi wa Kizingitini alisimama akasema Amu ni ndugu na mlango uko wazi, ila anayetoka nje huvua viatu mlangoni kama wageni wengine. Tuanze daraja la chini. Tukipanda, tutaonana.

"Kwa hiyo mwaka huu hatuchezi na Kizingitini?"

"Mwaka huu tunacheza na Kiwayu," kaka alisema. Nilicheka, naye akachukia.

Mechi ya kwanza ilikuwa huko huko Kiwayu. Safari ni ndefu na mashua hupita Kizingitini kuchukua mafuta. Wanawake tulikuwa saba, na wawili kati yetu hawakuwahi kupanda mashua kwa ajili ya mpira. Sikumwarifu somo. Niliona aibu, na sikuwa na hakika aibu hiyo ni ya nani.

Tulipofunga gatini, alikuwa amesimama hapo na kikapu, na nyuma yake wanawake watatu wa rika letu.

"Nani amekwambia tunapita?" nilimwuliza.

"Nahodha wenu ni mkwe wa dada yangu. Sogea."

"Unakwenda wapi?"

"Kiwayu. Nataka kuwaona Amu wakifungwa na Kiwayu. Kitu hiki nikifa bila kukiona, nitaulizwa."

Alinipita, akakaa kwenye ubao wa kati, akafungua kikapu akatoa maandazi na chupa ya chai. Mwanamke wetu mmoja alianza kutapika kabla hata hatujatoka vizuri. Somo alimsogelea, akamshika kichwa, akamwambia atazame mbali, asitazame maji. Mimi alinipa andazi bila kunitazama.

Uwanja wa Kiwayu unateremka kidogo, na mpira ukitoka upande mmoja hufukuzwa mpaka ufukweni. Wanawake wa pale walikuja wachache, wakakaa chini ya kivuli cha ukuta. Hawakuwa na ubeti. Hawakujua kwamba walitakiwa wawe nao. Kipindi cha kwanza kikaisha bila bila, vijana wetu wakihema, na Kiwayu wakikimbia kama waliozaliwa kwenye mteremko.

Dakika chache baada ya mapumziko Kiwayu walifunga. Wanawake wa ukutani walipiga vigelegele wakanyamaza. Somo, aliyekuwa amekaa bega kwa bega nami, aliinuka, akakung'uta mchanga, akavuka uwanja kwa nyuma ya lango letu mpaka kwa wale wanawake. Akainama akawaambia kitu. Wakatazamana, mmoja akaziba mdomo kwa leso. Kisha akapiga makofi mara mbili akaanza, na ulikuwa ubeti mpya ambao sijawahi kuusikia, unaomsema Bwana mkubwa aliyekwenda mjini kuoa akarudi na ndara moja.

Wenzangu waligeuka wakanitazama. Sikuwa nimetunga chochote. Nilivua viatu ili nisimame vizuri, nikaanza kutafuta kina cha kumjibia.