Upande wa Mke Wangu

Mimi ni fundi wa nguo hapa Kimanga, na kutwa nzima nimekaa kwenye mashine. Miezi michache baada ya kumzika mke wangu, miguu ilianza kuvimba. Muuguzi alinipima, akanikaripia: "Papa, weye unakula sana na hautembei. Kula nusu."

Nusu ya nini? Miaka yote tulikula kwenye sahani moja, yeye na mimi. Ukiona mkono wa mwenzako unakaribia katikati ya bugali, unapunguza. Kipimo kingine sikufundishwa. Sasa nilikuwa nakula mpaka naona maua yaliyochorwa ndani ya sahani yangu, maana hakuna mkono uliokuja kunizuia.

Kutembea nilikubali, tena kwa kununa. Kila asubuhi nafika daraja la Mulongwe, narudi. Chakula ndicho kilichonishinda, hadi siku niliyoishusha kabatini ile sahani yetu kubwa, nikachora mstari katikati ya bugali kwa kidole, nikala upande wangu tu, na visamaki vyangu vya ndagala na mboga ya lengalenga. Upande wake sikuugusa. Ningethubutuje? Kinachobaki nawapa kuku wa jirani, ambao siku hizi wamenenepa kuliko mimi.

Juzi muuguzi alinipima tena, akafurahi. "Papa, umepungua muzuri! Nani iko anakusaidia kule nyumbani?"

"Mke wangu," nikajibu.

Akasema nimsalimie. Mchana ule, kabla ya kumega tonge la kwanza, nilizifikisha salamu.